Tunaidhinisha Kwenye Simu, Watu Wanasoma Barabarani

Simama nyuma ya nganya, yaani matatu (basi la abiria) iliyopambwa, ya Rongai saa kumi na mbili jioni, magari yakiwa yamefungana Lang'ata Road jijini Nairobi, kisha uitazame bila haraka. Kutoka bampa hadi paa kuna sura ya mwanamuziki iliyopuliziwa rangi kwa mkono, jina la gari kwa herufi zenye kona kali, msemo, nembo ya timu ya mpira, majina madogo ya mafundi waliolichora, na taa za LED zimezunguka yote hayo. Mwanafunzi wa usanifu michoro akiwasilisha kitu kama hicho darasani ataambiwa apunguze nusu. Mimi naihesabu kati ya kazi zilizofikiriwa vizuri zaidi jijini, kwa sababu anayeisoma amekwama. Ana dakika tano, pengine kumi, yuko mita tatu kutoka kwenye herufi, na hana pengine pa kutazama. Msongamano umempa nafasi ya kusoma kila kitu.

Zunguka mbele uone tofauti. Kioo hubeba neno moja, juu kabisa, pana karibu kama kioo chenyewe. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata takriban mita 11 kila sekunde. Ukiliona likiwa mita 60 kutoka steji, una sekunde tano na kidogo za kusoma, kuamua na kuinua mkono. Mafundi wa matatu hawakuandika kanuni hiyo popote, lakini mikono yao inaijua: nyuma maneno mengi, ubavuni picha kubwa, mbele neno moja.

Naanza na matatu kwa sababu maoni mengi tunayotoa Nairobi kuhusu kazi za usanifu michoro hayana umbali wala muda ndani yake. "Imeweza." "Haijashika bado." "Ongeza logo kidogo." Kazi hutumwa kwa WhatsApp, bosi anaifungua akiwa ofisini, mwangaza wa skrini umepandishwa hadi mwisho, simu iko sentimita 30 kutoka usoni, na tayari anajua kilichoandikwa. Anaipenda, anaipitisha. Halafu kazi inaenda kuishi kwingine kabisa: ukutani Kirinyaga Road chini ya vumbi, kwenye kaunta ya duka lenye balbu moja, au kwenye simu yenye kioo kilichopasuka mikononi mwa mtu aliyesimama ndani ya basi. Imepimwa na asiyeitumia, mahali isipokuwepo. Vipaji tunavyo tele. Makosa mengi ninayoyaona mjini yanazaliwa kwenye hatua hiyo moja ya kupitisha.

Hata matatu ina dosari yake, nayo ni nambari ya ruti. Kanuni za 2004, ambazo Wakenya bado wanaziita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilileta mstari wa njano ubavuni na kufuta michoro. Miaka kama kumi baadaye serikali ikalegeza, michoro ikarudi kwa kishindo, na nambari ikaanza kumezwa. Wachora vibao wana kipimo chepesi: kila mita tatu za umbali zinahitaji milimita 25 za urefu wa herufi ili mtu asome bila kukaza macho. Anayetaka kujua ruti gari likiwa mita 30 anahitaji tarakimu yenye urefu wa milimita 250, yaani fupi kidogo tu kuliko karatasi ya A4 iliyosimama. Nyingi hazifiki nusu ya hapo, tena zimetiwa kivuli, ndimi za moto na rangi mbili zinazokaribiana. Kondakta huziba pengo hilo kwa sauti yake. Abiria asiyesikia, au mgeni ambaye hajazoea lafudhi ya steji, anabaki akikisia.

Siku hizi magari mengi huvalishwa vinili iliyochapwa, yaani plastiki nyembamba yenye gundi, badala ya kupakwa rangi, na hapo maoni yafaa kutolewa mara mbili, siku gari linapotoka kwa fundi na tena baada ya miezi sita. Vinili ya bei ya chini hutengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kati ya rola, kwa hiyo daima hutaka kurudi ilivyokuwa. Jua likiichoma hujivuta, kingo zinainuka, na ile gundi inayobaki wazi inakusanya vumbi hadi gari linapata mpaka mweusi kuzunguka kila umbo. Ile nyingine humwagwa ikiwa majimaji na kuachwa ikauke, haina mvutano huo, hutulia hata kwenye mabonde ya bodi. Bei yake ni kubwa zaidi, ila gharama ya kubandua na kubandika upya hulipwa na mwenye gari yuleyule. Hata vinili nzuri huharibiwa na haraka: bodi isipofutwa kwa spiriti, mafuta ya vidole hubaki chini ya gundi, na mabonde yasipopashwa moto tena baada ya kubandikwa, vinili iliyonyooshwa mle itachomoka. Halafu kuna mlango unaoteleza. Piga picha gari mlango ukiwa umefungwa, upige tena ukiwa wazi, na uchore juu ya picha zote mbili. Nimeona sura nzuri sana zinazopoteza jicho kila abiria anaposhuka.

Kinachonishughulisha kuliko matatu ni kitu kidogo sana, kibandiko cha nambari ya tili, ile ambayo mteja hubonyeza kwenye simu ili amlipe mwenye duka. M-PESA, huduma ya kutuma na kulipa pesa kwa simu, ilianza 2007, na leo karibu kila kibanda Nairobi kina karatasi ya kuonyesha mahali pa kulipia. Huenda hakuna kazi ya usanifu inayosomwa mara nyingi zaidi katika jiji hili, na ndiyo inayopewa mawazo machache zaidi.

Itazame kwa karibu. Mteja amesimama mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye karatasi. Mkono mmoja umeshika mfuko wa sukuma wiki, mwingine simu, na giza linaingia. Anasoma tarakimu mbili tatu, anashusha macho, anabonyeza, anainua macho tena. Kila macho yanaporudi lazima yapate mahali yalipoachia. Tarakimu saba zikiwa zimebanana kwa mstari mmoja, macho yanaruka moja au yanasoma moja mara mbili. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko rangi mbaya au nembo mbovu. Zitenge tatu kisha nne, kwa nafasi ya nusu ya upana wa tarakimu, na macho yanapata pa kushika.

Fonti nayo ina kazi. Kwenye fonti nene iliyobanwa, matundu ya 3, 6, 8 na 9 yanaziba na zote zinafanana kutoka mbali. Tafuta fonti ambayo mkono wa 6 na wa 9 umefunguka, 3 ina kinywa kipana, na 1 ina pembe juu ili isichanganywe na 7. Ukubwa unahesabika: kwa mita mbili kile kipimo cha wachora vibao kinatoa milimita 17, lakini hiyo ni mchana kwa macho mazima. Jioni, na kwa wazee, nenda milimita 30. Tarakimu saba za urefu huo zinaenea kwenye A5 iliyolazwa, na pambizo ya milimita 15 hivi inabaki kila upande. Hakuna kisingizio cha nafasi. Nafasi huwa imekwisha kwa sababu nusu ya karatasi imepewa picha ya mtu anayetabasamu akishika simu, kauli mbiu, na nembo tatu, huku nambari ikisukumwa chini kwa urefu wa kucha.

Kisha jua. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na mwanga wa hapa hauna huruma kwa wino. Kati ya wino nne za uchapaji, majenta (waridi iliyokolea) na njano ndizo hufifia kwanza, sayani (samawati) na nyeusi hubaki. Ndiyo sababu mabango ya zamani huishia kuwa ya samawati. Nambari iliyochapwa nyekundu imejengwa kwa zile mbili zinazokufa mapema, na baada ya miezi michache dukani upande wa jua inabaki kivuli cha waridi. Ichape nyeusi tupu juu ya nyeupe. Ikipigwa laminesheni, iwe ile isiyong'aa, maana inayong'aa huakisi balbu katikati ya tarakimu na mteja anaanza kuinamisha kichwa. Pesa zikienda kwa tili nyingine, kuzirudisha ni simu na kungoja, na mwenye kibanda ndiye anayelaumiwa.

Zinazonipendeza zaidi ni zile zilizoandikwa kwa brashi kwenye mabati: tarakimu nyeupe juu ya kijani kibichi, kubwa kama kiganja, zimeachana vizuri. Fundi wa brashi husimama mbali na ukuta kila baada ya herufi chache ili aone anachofanya. Kompyuta haimlazimishi mtu kusimama mbali.

Mabango ya matamasha na makesha hufa kwa njia tofauti. Msanifu anafanya kazi kwenye ukurasa wa pikseli 1,080 kwa 1,350, ameukuza kwenye skrini ya inchi 24, kila kitu kinasomeka. Kwenye simu upana huo wote unakuwa kama milimita 68. Maandishi ya pikseli 24 yanageuka kuwa milimita moja na nusu, na hapo ndipo huwekwa mahali, saa na bei ya kuingia. Chini ya pikseli 40 usishuke, kwa sababu hizo ni milimita mbili na nusu tu, sawa na maandishi madogo ya gazeti. Wageni kumi na wawili wenye suti, kila mmoja na jina na cheo, hawawezi kuingia katika kipimo hicho. Lazima mtu achague, na anayepaswa kuchagua ni mwandalizi, maana msanifu hana mamlaka ya kumwondoa mchungaji yeyote kwenye bango.

WhatsApp nayo huongeza yake. Picha ikitumwa kama picha hubanwa, na katika ubanaji huo rangi huhifadhiwa kwa uchache kuliko mwanga na giza. Herufi nyekundu juu ya nyeusi zinategemea rangi karibu peke yake, kwa hiyo ndizo huvuja na kuota vumbi kwenye kingo. Nyeupe juu ya nyeusi inastahimili. Tuma faili kama dokumenti na utaepuka mengi. Mbaya zaidi ni pale picha ileile inapopelekwa River Road ichapwe A2. Pikseli 1,080 zikitandazwa juu ya milimita 420 zinatoa nukta 65 tu kwa kila inchi. Kwa bango la kusomwa ukiwa umelisogelea unahitaji 150 angalau, na kwa flaya ya mkononi 300. Mchapaji hulaumiwa, ilhali alipokea alichopewa. Ile dhahabu inayometameta kwenye simu pia haimo kwenye wino nne. Itatoka rangi ya haradali, na kijani cha neoni kitatoka kama jani lililonyauka. Ukitaka dhahabu, lipia wino wa dhahabu au foili, ama uiache.

Picha za kutengenezwa na akili unde zimejaa kwenye mabango haya sasa. Kinachonikera ndani yake ni mahali: barabara isiyo barabara yoyote ya Nairobi, soko lisilo na mwavuli wala debe la viazi, na nyuma ya watu vibao vyenye herufi ambazo si lugha. Mtu wa soko la Gikomba anaona mara moja kuwa hakuna aliyekuja kumtazama.

Kinyume chake ni makaratasi ya manila ya Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Kalamu nene nyeusi, karatasi nyeupe, maneno machache. Aliyeandika alijua atasimama katikati ya umati, atapigwa picha kutoka mbali, na picha hiyo itaonekana kwenye simu ikiwa ndogo kama stempu. Hakuna muda wala umbali uliosahauliwa pale.

Sasa lugha yenyewe, ambayo wasanifu wetu wengi huichukulia kama Kiingereza chenye irabu nyingi. Kiolezo cha kununua kimepangwa kwa neno "Welcome", herufi saba. Mtu anaweka "Tunawakaribisha", herufi 15, na programu inapunguza ukubwa hadi neno lienee. Bango linaanza kunong'ona pale lilipopaswa kuita. Ungeandika "Karibuni" na ukubwa ungebaki. Uteuzi wa maneno ni sehemu ya usanifu, nao ufanyike kabla ya kufungua programu.

Tazama pia viunganishi vyetu. Vichwa vingi vya Kiswahili vina "wa" au "ya", na kwa herufi kubwa WA na YA ni kati ya jozi zinazoacha mapengo makubwa zaidi katika alfabeti nzima: mteremko wa W unakimbia, mteremko wa A unakimbia upande uleule, katikati panabaki shimo. Neno MATATU lina A na T zikifuatana mara tatu. Fonti nzuri hubeba ndani yake maagizo ya kuzisogeza, na nyingi husogeza A na T kwa sehemu 80 hadi 120 kati ya 1,000 za ukubwa wa herufi. Fonti nyingi za bure hazina maagizo hayo, na herufi za vinili zilizokatwa na kubandikwa moja moja haziyafuati. Matokeo ni kibao kinachosomeka MA T A TU. Dawa ni kusogeza kwa mkono: geuza kibao juu chini ili usisome neno, tazama maumbo meupe kati ya herufi, usogeze hadi yalingane.

Na zima ukataji wa maneno wa Kiingereza. Programu isiyoijua silabi yetu itakata "wan-anchi", wakati sikio la msomaji linataka "wa-nanchi" au "wana-nchi". Ritifaa ya ng' nayo itazamwe. Fonti ikiiwekea nafasi pana, "ng'ombe" inakuwa maneno mawili.

Kuhusu pesa zetu nina maoni mafupi. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza picha ya mtu yeyote binafsi kwenye noti na sarafu. Sarafu zilizotoka Desemba 2018 zilijibu vizuri mno: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini. Mtoto asiyesoma anazijua. Noti za 2019 zote tano zimebeba mbele jengo la KICC, ukumbi mkubwa wa mikutano wa Nairobi. Jengo hilo la wasanifu majengo Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso linastahili heshima, na nalipenda, lakini kondakta anayehesabu noti usiku chini ya taa ya zambarau amenyang'anywa rangi na hana picha ya mbele ya kumsaidia. Anabaki na tarakimu tu.

Wasanifu wakitaka mwalimu wa karibu, wafunge kompyuta waende Biashara Street wakunjue leso, yaani kanga. Siku hizi kila pakiti ya kahawa na kila mgahawa wa Westlands unataka "mguso wa Kiafrika", na msanifu hutandaza nakshi za leso nyuma ya maandishi hadi hakuna kinachosomeka. Leso yenyewe karibu kamwe haifanyi hivyo. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno, kwenye ukanda wake. Zitazame zile zenye chapa ya Mali ya Abdulla kutoka Mombasa: nakshi imejaa kila mahali, lakini inapofika kwenye jina inasimama na kuacha uwanja mtupu. Maneno ni ya herufi kubwa, mstari mmoja, katikati. Aliyeipanga alijua pia itavaliwa. Mama akijifunga kiunoni, ukanda ule huangukia nyuma, chini ya nyonga, na anayeusoma ni yule anayemfuata njiani, hatua tatu nne nyuma yake, kwa muda wote atakaokuwa akitembea mbele.